Mpwa Akiuliza: HKL au HGL?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu kutoka Mpapura huanza kuita huku ughaibuni. Kwa Wamakonde mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, hata akiwa Muscat au Leicester. Anaulizwa: mtoto amepata C ya Kiingereza, achague tahasusi gani? Wengi wetu hujibu papo hapo, "Chukua yenye Kiingereza, utajua kuongea."

Kidato cha tano si darasa la kuongea. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiingereza wa kidato cha sita ulikuwa na karatasi mbili, ya lugha na ya fasihi. Katika hiyo ya pili mtahiniwa alichambua mashairi, riwaya na tamthiliya, akitoka kwa Ayi Kwei Armah akaingia kwa Henrik Ibsen. Asiyependa kumaliza kitabu atateseka, hata kama matamshi yake yanawafurahisha watalii wa Mikindani. Isitoshe, wa PCB naye anasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa Kiingereza. Kama shida ni kuongea tu, huko nako ataongea.

Kwa anayeipenda lugha yenyewe, HKL humpa Historia, Kiswahili na Kiingereza. Akitaka ualimu, anatoka na lugha mbili za kufundisha. HGL huweka Jiografia mahali pa Kiswahili, na hapo milango ya mipango, mazingira na utalii inabaki wazi. Shahada ya Sheria haibagui kati ya hizi mbili. KLF ina Kifaransa, ila lazima awe amekisoma tangu chini.

Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65, na Fasihi ya Kiingereza ikapata nafasi yake kama somo linalojitegemea. Mimi ningemshauri aichague mtoto aliyefundishwa fasihi hiyo kidato cha tatu na cha nne. Huko chini somo hilo lilikuwa la hiari, na si kila shule ya kata ina mwalimu wake.

Wazee watamtaja kama mfano Benjamin Mkapa, Rais wa zamani kutoka Lupaso, aliyepita Ndanda na kuhitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962. Ni kweli, lakini kazi iliyofuata ilikuwa ya kalamu: alihariri The Nationalist, kisha Daily News, kabla ya ubalozi na Ikulu.

Kwa hiyo, mjomba, kabla ya kujibu omba utumiwe picha ya matokeo yote. Mwenye B ya Jiografia na D ya Kiswahili hana sababu ya kukimbilia HKL. Chuo kikuu kitadai walau pointi 4 kutoka masomo mawili, na D mbili za kidato cha sita ndizo pointi 4 zenyewe. Kama alikwisha kujaza tahasusi nyingine, mwalimu wa taaluma atamwonyesha namna ya kubadilisha kwenye mfumo wa Selform, mradi dirisha halijafungwa.