Sato na Maradhi Yasiyo na Tiba

Mfugaji akutaye alfajiri sato wake wameelea wamekufa, na wengine wakiyumba kwa unyonge ukingoni mwa bwawa, hukimbilia kuuliza dawa. Nasi hatuna budi kumweleza, ijapokuwa habari ni chungu, kwamba ikiwa maradhi hayo yameletwa na virusi, dawa ya kuyaponya haipo, na hifadhi yote ilikuwa katika yale aliyoyatenda kabla ya asubuhi hiyo.

Mathalani, tangu mwaka 2009 sato walikufa kwa wingi nchini Israeli, katika mabwawa na katika Ziwa la Galilaya, pasipo sababu kujulikana, hata mwaka 2014 wataalamu walipotangaza kuwa wamevitambua virusi vipya, viitwavyo kwa kifupi TiLV. Baadaye vikaonekana Ekuador, Misri na Thailand, na mwezi wa Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likautahadharisha ulimwengu. Mwaka uliofuata watafiti wakaeleza kwamba wameviona kwa kipimo katika sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, upande wa Tanzania na Uganda, ilhali samaki wale hawakuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Hilo ndilo la kuzingatiwa mno: samaki aliye mzima machoni petu aweza kuwa ndiye abebaye maradhi.

Samaki aliyeugua hususia chakula, huchubuka ngozi, huvimba tumbo, na macho yake hutokeza au huingia ukungu. Walakini dalili hizo si ushahidi wa kutosha, maana bakteria nao hutokeza macho, na vifo vya ghafula vya alfajiri aghalabu huletwa na upungufu wa oksijeni majini. Kwa hiyo mfugaji amwite afisa uvuvi mapema, wachaguliwe samaki walio taabani lakini wangali hai, kwa kuwa mzoga uliooza hauaminiki. Vipande vya ini, bandama, figo na ubongo vihifadhiwe kwa barafu na kupelekwa maabara, ambako kipimo cha PCR huzidisha chembechembe za urithi za virusi, hata zikiwa chache mno, mpaka zibainike.

Kinga nayo yaanza kwa vifaranga, kwani virusi hivi huenea majini, na upo ushahidi kwamba huweza kutoka kwa mzazi kwenda kwa watoto. Vifaranga wageni watengwe kwa majuma kadhaa; kila bwawa liwe na nyavu na ndoo zake, zisafishwe kwa klorini na kuanikwa juani; samaki wasisongamane; mizoga ifukiwe kwa chokaa mbali na maji; na bwawa lililopatwa na msiba likaushwe na kutiwa chokaa kabla ya kupandikizwa upya. Katika vizimba vya ziwani, ambako maji ni ya wote, uzembe wa mmoja huwa msiba wa jirani.

Mlaji asihofu, kwani haijajulikana kwamba virusi hivi humdhuru binadamu. Kinachodhurika ni riziki ya mfugaji. Na maadamu kituo kimoja cha kuzalisha vifaranga huuzia mabwawa mengi, ni wajibu wa serikali na vyama vya wafugaji kuhakikisha kwamba samaki wazazi wanapimwa humo kwanza, naye mnunuzi adai kuyaona matokeo ya kipimo kabla ya kuuliza bei.