Basi la Mandera na Maelezo ya Serikali

Alfajiri ya Jumamosi, 22 Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na watu wenye silaha karibu na mpaka wa Kenya na Somalia. Lilikuwa na abiria wapatao 60, wakiwamo walimu waliokuwa wakirudi kwao likizo. Washambuliaji waliwatenga abiria waliodhaniwa si Waislamu na kuwaamuru watamke shahada. Walioshindwa walipigwa risasi. Waliouawa ni 28. Mwalimu mmoja alinusurika kwa kujilaza kimya kati ya maiti za wenzake.

Hayo hayakubishaniwa. Manusura walisimulia, miili ikapelekwa Nairobi, na wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab la Somalia wenyewe wakakiri, wakidai ni kisasi cha polisi kuvamia misikiti ya Mombasa. Serikali, manusura na wauaji walisema jambo moja.

Shaka ilizuka kesho yake. Naibu Rais William Ruto alitangaza kwamba jeshi limekwisha kuvuka mpaka, limewaua wapiganaji zaidi ya 100 na kuiteketeza kambi yao. Ilikuwa idadi kubwa kwa muda mfupi kama huo, na hakukutolewa ushahidi ambao mtu wa nje ya jeshi angeweza kuukagua. Al-Shabaab walikanusha. Neno lao pekee halitoshi, kwa maana kundi la namna hiyo lina faida yake katika kuficha hasara. Lakini tarehe 2 Desemba, siku kumi tu baada ya basi, wapiganaji wa kundi hilohilo waliwaua wachimba mawe 36 huko Kormey, karibu na mji wa Mandera. Hata kama kisasi kilichotangazwa kilifanyika, hakikuwa kimewalinda watu wa Mandera.

Kwa hiyo waliohoji hawakuwa wakikana kwamba watu wamekufa. Walitaka kujua ulinzi wa barabara ile ulikuwaje, na nani atawajibika. Waandamanaji walifika hadi Harambee Avenue, Nairobi, wakidai viongozi wa usalama waondoke. Siku ya mauaji ya Kormey, Waziri wa Usalama Joseph ole Lenku aliondolewa na Mkuu wa Polisi David Kimaiyo akastaafu.

Mwezi huohuo Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya usalama katikati ya vurugu za wabunge. Kifungu cha 12 kiliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3 kwa atakayechapisha habari zinazovuruga uchunguzi wa ugaidi. Kwa kifungu kama hicho, mwandishi anayeuliza kuhusu wapiganaji 100 angeweza kujikuta kizimbani. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilikifuta, pamoja na vingine saba, kwa kuwa vilikiuka katiba. Uamuzi huo ulistahili kushangiliwa kuliko ulivyoshangiliwa.

Uingereza nako maelezo rasmi yalikutwa na kosa. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yalilipuka katika treni tatu na basi moja jijini London, yakaua watu 52. Ripoti ya serikali ya mwaka 2006 ilisema walipuaji walipanda treni ya saa 1:40 asubuhi kutoka Luton. Treni hiyo ilikuwa imefutwa siku ile. Wao walipanda ya saa 1:25. Waziri wa Mambo ya Ndani, John Reid, alilisahihisha bungeni. Wapo walioshika kosa hilo wakasema tukio zima lilitungwa na serikali. Hapo waliruka mbali mno: dakika kumi na tano zilizokosewa haziwafuti walipuaji wanne walioonekana kwenye kamera. Swali zito lilikuwa jingine. Idara ya ujasusi, MI5, ilikuwa imemwona kiongozi wao, Mohammad Sidique Khan, mwaka 2004. Kwa nini haikuendelea kumfuatilia? Swali hilo lilichunguzwa hadharani mbele ya Jaji Hallett, aliyemaliza kazi yake mwaka 2011.

Madrid ni mfano wa serikali kukosea jambo lenyewe. Treni ziliposhambuliwa tarehe 11 Machi 2004, serikali ya Waziri Mkuu wa Hispania, Aznar, ililinyooshea kidole ETA, kundi la Wabasque lililotaka kujitenga. Siku tatu baadaye chama chake kilishindwa uchaguzi, na mwaka 2007 mahakama iliwatia hatiani watu wa kundi la Kiislamu lenye msimamo mkali.

Maswali haya yanaihusu Tanzania pia. Kwa Masasi na Newala, ng'ambo ya Ruvuma ndiko Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lenye wapiganaji wa namna hiyo, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, katika mkoa huohuo wa Mtwara, kilivamiwa nao. Mkuu wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro, alithibitisha siku kadhaa baadaye. Katika siku kama hizo, kabla serikali haijasema, abiria anayepokea habari kwa simu huko Mkomaindo, Masasi, ana maswali yaleyale ya Mandera: nani aliona kwa macho yake, maiti ziko wapi, idadi imehesabiwa na nani, na je, kuna kitu chochote ambacho kingemfanya msimulizi akubali kwamba amekosea? Swali hili la mwisho linamhusu msemaji wa serikali sawasawa na linavyomhusu anayeipinga.