Kuchagua Chuo cha Uzamili: Hesabu ya Mwanafunzi wa Kamalondo

Utangulizi

Mwanafunzi anayemaliza masomo ya isimu au ya fasihi mjini Lubumbashi hukabiliwa na swali ambalo kizazi cha miaka ya 1970 hakikuulizwa kwa namna hiyo hiyo: aendelee na masomo ya juu wapi? Katika mageuzi ya mwaka 1971, vyuo vikuu 3 vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na Kitivo cha Fasihi kikawekwa Lubumbashi. Aliyetaka kusoma isimu, awe mtoto wa Kinshasa au wa Bukavu, alikuja huku. Serikali ndiyo iliyochagua mahali. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, na tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya gharama za masomo imebebwa na familia. Hivyo uamuzi umehama kutoka wizarani na kuingia nyumbani kwa mzazi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uamuzi huo unavyoweza kupimwa, kwa kuchukua mfano wa mwanafunzi anayeishi Kamalondo.

Bei ya kukaa nyumbani

Kamalondo, iliyoitwa Albert wakati wa ukoloni, ni komine kongwe ya Waafrika mjini Lubumbashi. Katika ua mmoja, yaani lupangu kama wenyeji wasemavyo, mara nyingi huwamo nyumba ya mwenye mahali na vyumba vya wapangaji. Kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa mtoto anayesomea Chuo Kikuu cha Lubumbashi huku akilala kwa wazazi hagharimu kitu zaidi ya minervali.

Dhana hiyo haina budi kuchunguzwa. Chumba anacholala kingeweza kukaliwa na mpangaji anayelipa. Safari ya kila siku kwenda kampasi ya Kasapa, iliyo upande mwingine wa mji, hula fedha na saa. Unga, makala na maji hutoka katika mfuko uleule unaolipia shule wadogo zake. Tena mtu mzima aliye nyumbani huitwa kwenye kila msiba na kila ugonjwa, na siku hizo hutoka katika muda wa tasnifu. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Gharama ya nyumbani ipo, ila haina risiti.

Ada na muda

Kosa la pili ni kulinganisha vyuo kwa ada ya mwaka mmoja. Tuchukue mfano wa tarakimu za kubuni. Chuo cha kwanza kinadai dola 600 kwa mwaka, na mwanafunzi anatumia dola 100 kila mwezi kwa maisha. Jumla yake ni dola 1,800 kwa mwaka. Chuo cha pili kinadai dola 1,200, na maisha ya huko ni dola 200 kwa mwezi. Jumla ni dola 3,600. Kwa mtazamo wa haraka, cha pili ni ghali maradufu. Lakini ikiwa katika chuo cha kwanza msimamizi ana wanafunzi wengi na vitabu ni haba, hata shahada ya miaka 2 ikachukua miaka 4, gharama itafika dola 7,200. Katika chuo cha pili, shahada ikimalizika kwa wakati wake, gharama ni hiyohiyo, dola 7,200. Aliyemaliza mapema ana miaka 2 ya kutafuta kazi ambayo mwenzake hana.

Hesabu hii haitetei chuo cha mbali. Mambo yakigeuka, yaani chuo cha karibu kikawa na msimamizi makini na cha mbali kikachelewesha, hasara ya aliyesafiri ni kubwa zaidi, kwani kila mwezi wa ziada unalipiwa kodi ya nyumba ugenini. Kinachodhihirika ni kwamba swali la kwanza si ada, bali ni muda ambao wanafunzi waliotangulia waliutumia hadi kutetea tasnifu zao.

Lugha na mlango wa kila chuo

Mbali na Lubumbashi, njia 3 hutajwa mara kwa mara. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege. Masomo ni kwa Kifaransa, na mitaani hutawala Kilingala. Lusaka ni karibu zaidi, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, lakini Chuo Kikuu cha Zambia, kilichofunguliwa mwaka 1966, hufundisha kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyopata sura yake ya sasa mwaka 2009, na humo Kiswahili hufundishwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, mtoto wa Kamalondo asidhani kuwa lugha ya nyumbani inamtosha: Kiswahili cha Lubumbashi kina upatanisho wake wa kisarufi na msamiati wake, na tasnifu huandikwa kwa Kiswahili sanifu.

Neno lisansi nalo huleta utata. Katika mfumo wa zamani, lisansi ilipatikana baada ya miaka 5: 3 ya gradua na 2 ya lisansi yenyewe. Katika mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora, neno hilohilo ni la miaka 3. Msajili wa ugenini asiyejua tofauti hiyo aweza kumshusha mwombaji. Inafaa kuambatisha orodha ya alama inayoonyesha miaka na saa za masomo. Vilevile, anayerudi na shahada ya nje yampasa kuomba ilinganishwe rasmi na wizara ya elimu ya juu, jambo linalodai muda na fedha.

Kile ambacho shahada inafungua

Anayetaka kufundisha chuo kikuu nchini hupanda ngazi: asistanti, shefu wa kazi, kisha uprofesa, ambao haufikiwi bila doktora. Kwake, shahada ya uzamili ni nusu ya safari. Asimalize akiba yote ya familia katika hatua hiyo. Anayelenga tafsiri, redio au mashirika aweza kutosheka na uzamili, ila Kiingereza kitamwongezea thamani.

Ni kweli kwamba Kiswahili kimepandishwa cheo: Jumuiya ya SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi, mwaka uleule Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini azimio si nafasi ya kazi yenye mshahara, na haifai kukopa kwa kulitegemea azimio. Faida iliyo karibu zaidi yaweza kuwa katika ada: Itifaki ya Elimu ya SADC ya mwaka 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama wahesabiwe kama wenyeji kwa ada na malazi. Mwombaji na aulize kwa maandishi iwapo chuo husika kinalitekeleza sharti hilo kwa Mkongo.

Hitimisho

Kabla ya kuamua, familia na mwanafunzi waketi pamoja na kuandika mambo 4: gharama zote za mwezi, zikiwemo zile za nyumbani zisizo na risiti; idadi halisi ya miezi hadi kutetea tasnifu; jina la msimamizi aliyekubali; na kazi ambayo shahada hiyo inafungua bila masomo mengine. Ikiwa mojawapo haijulikani, ni afadhali kutuma barua na kungoja jibu kuliko kulipa minervali. Wanaosubiri zamu yao nyuma ya mwanafunzi huyo ni wadogo zake, na ada yao ndiyo itakayokatwa kwanza hesabu ikikosewa.