Subaru ya Zamani, Nguvu Mpya: Panga Pesa Kabla ya Kugusa Turbo

Hapa Kenya, Subaru Impreza haikujipatia jina kwa matangazo. Ilijipatia jina kwenye vumbi. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda na gari hilohilo mwaka wa 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakipunga mikono, leo ni watu wazima wenye kazi na familia. Baadhi yao bado wanataka WRX yenye turbo.

Hatukatai. Swali ni moja tu: utafanyaje ili gari liwe na nguvu zaidi, na bado likufikishe kazini Jumatatu? Jibu letu ni fupi. Nguvu huja mwisho, na pesa zako zifuate mpangilio huohuo.

Kwanza: afya ya injini

Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo WRX ya mwaka 2003 unayoiona ikiuzwa imekuwa hapa miaka mingi, na huenda imepitia mikono kadhaa. Hujui nani alichelewesha oili, wala nani alikuwa akiliwasha na kulikanyaga mara moja.

Kabla hujanunua chochote cha kuongeza nguvu, mwambie fundi apime kompresheni ya silinda zote 4. Vipimo visipokaribiana, simama hapo kwanza. Kuongeza nguvu kwenye injini iliyochoka ni kama kumbebesha mgonjwa gunia la mahindi.

Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwenye injini hizi, kadirio la kawaida ni kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu hugonga pistoni, na injini nzima inaweza kwenda nao. Ukiubadilisha, badilisha na roli zake pamoja na pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Na oili ipime mwenyewe mara kwa mara. Turbo inategemea oili hiyohiyo ya injini, kwa hivyo ikipungua, turbo nayo inaumia.

Pili: kusimama kabla ya kukimbia

Ukitoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa ukafika 100, breki zako hazifanyi kazi mara 2. Zinafanya kazi mara 4. Kwa hivyo padi, diski, maji ya breki na matairi mazuri vinatangulia ekzosi yenye kelele. Angalia na bushi pia. Gari linaloyumba kwenye barabara ya Thika halihitaji nguvu, linahitaji kurekebishwa.

Tatu: sasa nguvu

Watu wengi hubadilisha ekzosi na filta ya hewa, halafu wanaacha programu ya kompyuta ya injini ilivyokuwa. Hapo mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kuharibika, joto likapanda, na pistoni zikaumia. Ukibadilisha vitu hivyo, programu nayo ipangwe upya.

Ipangwe wapi? Mahali unapoendesha, na kwa petroli unayonunua kila wiki. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na turbo inabidi izunguke zaidi ili kusukuma hewa ileile. Tena WRX nyingi zilizotoka Japani zilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu. Ukiweka programu ya mtu wa nchi nyingine, unabahatisha na injini yako.

Na usitake makubwa. Klachi na giaboksi zilitengenezwa kubeba nguvu ya kiwandani. Nyongeza ya kiasi utaifurahia kila siku. Nyongeza kubwa itakurudisha gereji.

Nne: pesa zenyewe

Tuseme umeweka akiba ya Sh200,000. Huu ni mfano wa kugawa tu, si bei ya soko: Sh80,000 za afya ya injini, Sh70,000 za breki na matairi, Sh30,000 za programu, na Sh20,000 zikae bila kuguswa. Gari la zamani likifunguliwa, halikosi jambo lingine.

Usichukue mkopo wa simu kwa kazi hii. Mkopo huo unadai mapema, na turbo haitakuletea mapato ya kuulipa.

Spea zilipie dukani moja kwa moja kwa nambari ya till, na fundi umlipe kazi yake kando. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha malipo. Kama ni jina usilolijua, usiendelee. Muuzaji wa mtandaoni akikuambia utume nusu kwa nambari ya kibinafsi ndiyo akutumie injini ya ex-Japan kwa basi, mwambie utakuja kuiona. Mwenye mali halisi hatakosa mahali pa kukuonyesha.

Mlipe fundi kwa hatua: kidogo mwanzoni, nyingine kazi ikifika nusu, iliyobaki baada ya kulijaribu gari pamoja. Na kumbuka hili: ujumbe wa simu unathibitisha kwamba pesa zilifika, hauthibitishi kwamba spea ilifungwa. Kwa hivyo dai risiti yenye nambari ya gari, na urudishiwe spea kuukuu mkononi.

Mwisho, ijulishe kampuni yako ya bima mabadiliko uliyofanya, kwa maandishi. Ukinyamaza, unaweza kukataliwa fidia siku ya ajali. Na ukibadilisha injini nzima, nambari yake mpya isajiliwe NTSA.

Hifadhi jumbe zote za malipo pamoja na risiti zake. Siku utakapouza gari hilo, mnunuzi atauliza mkanda ulibadilishwa lini. Wewe utakuwa na tarehe ya kumwonyesha.