Supu ya mifupa haitaokoa goti lako

UKILA kuku, kuna kile kitu cheupe, kinachoteleza, kwenye ncha ya mfupa ambacho watu hukigombania mezani. Hicho ni gegedu. Hata wewe unalo: puani, masikioni na magotini, ambako huzuia mfupa kusagana na mfupa unapokimbilia matatu au kucheza boli mtaani.

Sasa cheki hii. Seli ya gegedu na seli ya jicho lako zina jeni zilezile, takriban 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini. Mbona basi goti halioni? Ni kwa sababu kila seli huwasha jeni inazohitaji na kuzima nyingine. Ni kama simu mbili zenye programu zilezile: hii imefungua kamera, ile kikokotoo.

Kwenye gegedu, bosi ni jeni inayoitwa SOX9. Protini yake huwasha jeni za kutengeneza kolajeni aina ya pili, yaani nyuzi zinazoshikilia gegedu, pamoja na agrekani, inayovuta maji kama sponji. Ndiyo maana ukiruka na kutua, gegedu hubonyea kidogo kisha likarudi.

Shida iko wapi? Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Linaweza kulika polepole bila wewe kuhisi kitu, na likiumia, ni vigumu sana lijitengeneze.

Mnamo 1994, madaktari nchini Sweden waliripoti kwamba walitoa seli za gegedu la mgonjwa, wakazizidisha maabarani, kisha wakazirudisha gotini. Mbinu hiyo ingali inatumika, lakini ina mtego. Seli hizo zikikuzwa kwenye sahani bapa hutandaa na kusahau kazi yake: hupunguza kolajeni aina ya pili na kuanza kutengeneza aina ya kwanza, ile ya ngozi na makovu. Zikiwekwa ndani ya jeli zikawa mviringo tena, huanza kukumbuka. Kumbe jeni pekee hazitoshi; hata mahali seli inapoishi huamua itakuwa nani.

Na ile supu ya mifupa? Ni tamu, kunywa tu. Lakini kolajeni yake humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote. Haishuki moja kwa moja hadi gotini.

Kwa hivyo msee, goti likifura baada ya mechi, usimeze dawa ya maumivu ndio urudi uwanjani kesho. Dawa inanyamazisha uchungu, haitengenezi kilichoharibika. Pumzika, muone daktari, na ukipona ujenge misuli ya mapaja ili ilisaidie goti kubeba mzigo.

Spea za gari utazipata Kirinyaga Road. Za gegedu, bado.