Kodiani: Ala na Jina Lake

Katika taarab ya Unguja, pamoja na udi, ganuni na fidla, husikika ala ivutwayo na kubanwa kifuani mwa mpigaji. Waswahili huiita kodiani, na wapo wasemao akodiani. Jina hilo lina asili yake, lakini asili hiyo hailingani na kazi ifanywayo na ala yenyewe visiwani.

Mwaka 1829, mjini Vienna, fundi Cyrill Demian alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Aliipa ala yake jina litokanalo na neno la Kijerumani Akkord, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja kwa kupatana. Jina lilistahili, maana kila kitufe kilitoa sauti hizo kwa mkupuo mmoja. Mvukuto husukuma hewa, nayo hutetemesha vibamba vyembamba vya madini. Ndivyo ilivyo hata leo.

Umbo la neno lashuhudia kwamba lilipitia Kiingereza, ambamo r ya accordion aghalabu haitamkwi. Irabu dhaifu ya mwanzo imedondoka. Mwishoni imeongezwa i. Na mkazo umeangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi ya Kiswahili.

Yafaa kuuliza kwa nini neno kinanda halikutosha. Kinanda, lililokuwa jina la ala ya nyuzi, limepanuka likachukua piano, ogani, hata gramafoni. Jina libebalo vyote hivyo halimsaidii kiongozi wa kikundi atakaye kumwita mpigaji mmoja miongoni mwa wengi.

Katika taarab, mkono wa kulia hufuata wimbo sambamba na fidla, sauti moja moja. Vitufe vya kushoto, vilivyokusudiwa sauti za pamoja, aghalabu hunyamaza. Tena, baadhi ya maqamu za Kiarabu zahitaji robo ya sauti. Mpiga fidla huipata kwa kusogeza kidole. Bali kibamba cha kodiani kina sauti yake moja, wala haibadiliki mpaka fundi akikwangue. Wapiga kodiani wa Misri, ambako taarab ilichota mengi, hutumia ala zilizorekebishwa hivyo.

Basi mtunga kamusi atakayeifafanua kodiani kwa maana ya Kijerumani peke yake atakuwa ameeleza jina, asieleze ala. Maana ya neno lililokopwa hutafutwa kwanza kwa walitumiao, ndipo lilikotoka.