Enzi ya Barafu katika Pwani ya Tanga: Kupwa kwa Bahari na Kudumu kwa Misitu

Istilahi "enzi ya barafu" humjengea msomaji taswira ya mamothi, yaani mnyama wa jamii ya ndovu mwenye manyoya marefu, akitembea thelujini. Taswira hiyo inaifaa Siberia, wala haiifai Muheza. Mamothi huyo hakupata kuishi Afrika. Makala haya yanafafanua kwamba, katika pwani ya Tanga, enzi hiyo ilikuwa kwanza kabisa enzi ya bahari kupwa.

Takriban miaka 21,000 iliyopita, matabaka mazito ya barafu yalifunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya. Kwa kuwa maji yaliyoganda huko yalitoka baharini, usawa wa bahari ulishuka kwa kiasi cha mita 120. Katika Afrika ya Mashariki barafu ilikuwa vileleni tu, kama vile Kilimanjaro. Mkondo wa Unguja, ambao kina chake ni kidogo, ulikauka, na Unguja ikawa sehemu ya bara. Pemba ilibaki kisiwa kwa sababu mkondo wake una kina cha mamia ya mita.

Ushahidi wa hali hiyo umo katika mifupa. Tabaka za kale za Pango la Kuumbi, kusini-mashariki mwa Unguja, zina mabaki ya punda milia na nyati, wanyama waliotoweka kisiwani baadaye. Barafu ilipoyeyuka bahari ilijaa tena, na takriban miaka 10,000 iliyopita Unguja ilitengwa na bara. Kujaa huko ndiko kulikowatenga pia mamothi wa Wrangel, kisiwa cha kaskazini mwa Siberia, ambako walitoweka takriban miaka 4,000 iliyopita. Hivyo basi, historia ya mamothi na ya punda milia wa Unguja zinakutana katika maji yaliyowazingira.

Aidha, baridi ilipunguza uvukizi baharini, na mvua zikaadimika katika sehemu nyingi; hata Ziwa Viktoria lilikauka kwa kipindi. Hata hivyo, milima inayopokea pepo za Bahari ya Hindi haikunyimwa unyevu wote. Chavua za kale kutoka Udzungwa, milima iliyo katika safu moja na Usambara, zinaonyesha kwamba misitu yake ilidumu. Uthabiti wa namna hiyo ndio unaosaidia kueleza kwa nini misitu ya Amani, wilayani Muheza, ina mimea na wanyama wengi wasiopatikana kwingineko.

Kumbukumbu ya enzi ya barafu katika Muheza, kwa hiyo, ni msitu ulio hai. Msitu huo ulistahimili maelfu ya miaka ya ukame, lakini tangu miaka ya 1890 sehemu zake kubwa zimefyekwa kwa ajili ya kahawa, chai na mbao. Kuanzishwa kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997 kulilinda sehemu iliyosalia. Mfupa ukifukiwa husubiri mchimbaji. Msitu ukishakatwa, kumbukumbu yake haichimbuliwi.